Redio 14, chaneli moja: kisa cha mahafali ya chuo kimoja

Kisa hiki kilitokea Tanzania, kwenye mahafali ya chuo kimoja cha kati. Jina la chuo, mji, mwaka na majina ya wahusika vimeondolewa, na watu nimewaita kwa vituo walivyosimamia. Mimi nilikuwa msimamizi wa mawasiliano, kwa hiyo makosa mengi yatakayosomwa hapa yalitokana na maamuzi yangu. Nimekiandika kwa ajili ya kamati za mahafali, harusi, mikutano na mbio zinazokaribia kukodi redio ndogo za mkononi na kudhani kwamba kazi inaishia kwenye kulipa.

Mazingira

Chuo kina uwanja mmoja wa mpira ambao siku ya mahafali hugeuzwa ukumbi. Kulikuwa na mahema matano, jukwaa upande wa magharibi na viti vya plastiki vya watu wapatao 1,200. Nyuma ya jukwaa limesimama jengo la utawala la ghorofa mbili, la zege na nondo, na nyuma ya jengo hilo ndiko tulikoweka jiko la muda pamoja na hema la huduma ya kwanza. Geti kuu liko mashariki, kiasi cha mita 300 kutoka jukwaani. Mabasi ya wazazi huegeshwa kati ya geti na uwanja. Ng'ambo ya ukuta wa geti kulikuwa na jengo la ghorofa linalojengwa, na mafundi wake nao walikuwa na redio.

Mwaka uliotangulia tulitumia simu na kundi la WhatsApp. Wageni walipoanza kurusha video za vijana wao, mtandao ulizidiwa, na ujumbe wa saa 4 ukasomwa saa 5 kasoro. Hata simu ilipopatikana, muziki wa jukwaani ulizima mlio wake. Zaidi ya hayo, simu humfikia mtu mmoja: kuvijulisha vituo vitano kwamba mgeni rasmi amekaribia kulihitaji kupiga mara tano. Kamati ikaamua tukodi redio.

Zilikuja redio 14 za kuenea kiganjani, chaneli 16 kila moja, za masafa kati ya 400 na 470 MHz, na betri za 1500 mAh. Boksi lilisema zinafika kilomita 5. Namba ya namna hiyo ni ya mahali pa wazi ambapo antena mbili zinaonana, na hapakuwa na wawili wetu walioonana hivyo. Jambo jingine, ambalo ndilo lililotuumiza, ni kwamba redio za aina hii husema au husikia, haziwezi yote mawili kwa wakati mmoja. Ukiwa umebonyeza kitufe cha kuzungumzia, husikii chochote.

Maandalizi

Uamuzi wa kwanza ulikuwa kuita vituo kwa jina la mahali, si la mtu: Kituo (ndiyo meza yangu, kando ya jukwaa), Geti, Maegesho, Jukwaa, Safu za Wazazi, Jiko, Huduma. Nilijua watu watapokezana, na sikutaka kubaki nikimwita mtu aliyekwenda kula. Katika yote niliyoamua wiki ile, hili ndilo ninalolisimamia bila kusita.

Wa pili ulikuwa kuweka wote kwenye chaneli moja. Sababu yangu ilikuwa kwamba wengi walikuwa wanashika redio kwa mara ya kwanza, na kubadilisha chaneli kungewachanganya. Ilisikika kama hoja ya busara.

Wa tatu ulihusu toni. Tulipojaribu jioni ya kuamkia siku yenyewe, tuliwasikia mafundi wa jirani wakiagizana mchanga kwenye chaneli yetu. Mkodishaji akatuwekea toni, ule mlio mzito usiosikika ambao redio hutuma pamoja na sauti ili redio za kundi lake tu ndizo zifungue spika. Sauti za mafundi zikapotea. Tukashukuru, tukalala.

Majaribio tuliyafanya saa 1 asubuhi, mmoja mmoja kutoka kituo chake. Kila mtu alisikika vizuri, ila Huduma alikwaruza kidogo. Uwanja ulikuwa mtupu.

Kuhusu leseni, niseme wazi. Tanzania, matumizi ya masafa ya redio yanahitaji leseni ya TCRA, mamlaka inayosimamia mawasiliano nchini, na vifaa vyenyewe viwe vimeidhinishwa. Mkodishaji alisema karatasi anazo. Hatukuomba kuziona, na tulipaswa kuomba kabla ya kutoa hata shilingi ya kwanza.

Siku yenyewe

Saa 3:40 asubuhi maandamano ya wahitimu yalikuwa yanajipanga kuingia uwanjani kwa kupitia njia ya magari. Maegesho aliniambia kuna mabasi mawili yamefika getini. Nikabonyeza na kusema papo hapo: "Msiwaruhusu waingie, subirini maandamano." Geti akajibu, "Nimekupata." Dakika moja baadaye mabasi yote mawili yalikuwa ndani, yakiukata mstari wa vijana waliovaa majoho. Hakuumia mtu. Dereva wa kwanza alikuwa makini, akasimama mbali.

Nilimfuata mlinzi nikiwa nimekasirika. Alinijibu kwa utulivu: "Shikamoo mzee. Mimi nimesikia, 'waruhusu waingie.'" Na ndivyo alivyosikia kweli. Hilo nitalirudia chini.

Saa 4:25 msafara wa mgeni rasmi ulifika. Mara mbili nilikuwa nimemwita Geti kumwambia afungue upande wa kulia, na mara mbili sikujibiwa. Nilijiambia kwamba amesikia na yuko kazini. Msafara ulikaa nje dakika 6. Mkuu wa itifaki ndiye aliyetembea hadi getini kufungua njia. Mlinzi aliapa kwamba redio yake ilikuwa imewaka na haikutoa sauti yoyote.

Kufikia saa 5 chaneli ilikuwa imejaa maneno. Jiko anauliza soda za meza kuu. Maegesho anatafuta mwenye gari lililoziba njia. Mpiga picha, ambaye sikumbuki nani alimpa redio, anamtafuta mwenzake. Jua lilikuwa kali, na mahema ya wazazi yalikuwa yameelekezwa vibaya, safu tatu za mbele zikabaki juani.

Saa 5:20 maneno yakakoma. Kwenye redio ikaanza kusikika sauti ya jenereta, vyombo vikigongana, na mama mmoja akihesabu sahani: arobaini na moja, arobaini na mbili. Kila redio uwanjani ilikuwa inasikiliza sahani.

Saa 5:23 bibi mmoja kwenye safu ya tatu aliinama mbele, akaanguka kutoka kwenye kiti. Alikuwa amekuja na mjukuu wake tangu alfajiri kumwona binti yake akihitimu. Kijana wa Safu za Wazazi, mwanafunzi wa mwaka wa pili, alimwita Huduma kwenye redio. Akamwita tena. Kwa kuwa alikuwa amefundishwa kutoondoka kituoni, aliita kwa mara ya tatu. Mjukuu alikuwa analia, "Kaka, bibi haongei." Ndipo akamkabidhi jirani, akakimbia.

Mimi wakati huo nilikuwa naifahamu hitilafu, sikuijua dharura. Nilibonyeza na kuamuru: "Aliyebana kitufe aachie." Niliirudia amri hiyo mara nne. Kisha nikawaambia waliokuwa karibu nami tuhamie chaneli 5, na watatu tukahama. Wengine 11 hawakujua kwamba tumehama. Mwishowe niliwatuma skauti wawili wazunguke vituo kwa miguu.

Saa 5:32 wahudumu wa huduma ya kwanza walimfikia bibi. Saa 5:34 skauti aliikuta redio ya Jiko ndani ya mfuko wa aproni, imebanwa kati ya meza na tumbo la mama aliyekuwa akipanga sahani. Mama yule hakuwa na kosa lolote. Alipewa redio asubuhi, akaambiwa, "Shika hii, ukiitwa itika," na hakuna aliyemwambia zaidi.

Saa 5:40 nilichukua redio ya pili na kugawa watu: Jiko, Maegesho na watu wa vifaa wakaenda chaneli 4, sisi wengine tukabaki tulipokuwa. Kituo kikawa na redio mbili mezani. Hadi jioni hapakuwa na tatizo jingine kubwa, isipokuwa betri za redio 4 kuzimika saa 9, kwa sababu umeme ulikatika usiku na chaja hazikumaliza kazi.

Matokeo

Bibi alipelekwa kivulini, akafunguliwa nguo za kubana, akapozwa kwa vitambaa vya maji, na alipopata fahamu vizuri akapewa maji ya kunywa kidogo kidogo. Alipelekwa kituo cha afya kuangaliwa na alirudi nyumbani jioni ileile. Sherehe iliendelea, na wageni wengi hawakujua kilichotokea. Kamati ilitaka kuandika kwenye taarifa kwamba mawasiliano yalikuwa mazuri kuliko mwaka uliopita. Nilipinga. Dakika 9 kwa mzee aliyezidiwa na joto ni nyingi mno, na wahudumu walikuwa mita 150 kutoka alipoanguka.

Uchambuzi

Matukio matatu ya siku ile yana sababu tatu tofauti za kiufundi, lakini yote yanakutana mahali pamoja: kila mara redio ilishindwa bila mtu kujua, na mimi nilichukua ukimya kama ishara kwamba mambo yako sawa.

Nianze na getini, "msiwaruhusu". Ukibonyeza kitufe, redio inachukua kitambo kidogo kuanza kurusha, na redio zinazosikiliza nazo huchukua kitambo kuitambua toni na kufungua spika. Anayesema papo hapo hupoteza silabi moja au mbili za mwanzo. Kwa Kiswahili hasara hiyo ni kubwa ajabu, kwa sababu sisi tunakataza mwanzoni mwa neno. Kata "msi-" kwenye "msiwaruhusu" na unabaki na ruhusa kamili, sentensi safi isiyoonyesha kwamba kuna kilichopotea. "Usifungue" inabaki "fungue", na mlinzi aliye na haraka anafungua. "Sijamwona" inakuwa "jamwona". Mafunzo ya redio niliyowahi kuyaona yanasisitiza kungoja sekunde moja baada ya kubonyeza, na ni kweli lazima ufanye hivyo. Lakini hayagusi namna lugha yetu inavyokanusha. Tangu siku ile amri ya kukataza naitoa kwa kitenzi kinachojitosheleza: "Zuia mabasi." "Simamisha." "Geti lifungwe." Kikikatika kichwa, hakigeuki kuwa kinyume chake.

Hapo hapo kuna funzo la jibu. "Nimekupata" ya mlinzi ilikuwa ya kweli, alikuwa amepata kitu. Kama angetakiwa kurudia alichosikia, "Nawaruhusu mabasi yaingie," ningemsahihisha kabla ya lango kusogea. Kurudia amri kunachukua sekunde tatu.

Ukimya wa Geti saa 4:25 ulinisumbua kwa wiki nzima mpaka fundi mmoja wa redio aliponieleza. Toni haizuii mawimbi ya mtu mwingine. Inafunga spika yako tu usiyasikie. Mafundi wa jirani walikuwa bado kwenye masafa yaleyale, na redio za aina hii zikipokea mawimbi mawili kwa pamoja hushika lile lenye nguvu zaidi. Redio ya Geti ilikuwa hatua chache kutoka kwa mafundi na mita 300, pamoja na safu ya mabasi ya bati, kutoka kwangu. Fundi alipokuwa akizungumza, redio ya Geti ilimshika yeye, ikakosa toni yetu, ikanyamaza. Mlinzi alisema kweli kabisa. Kabla ya toni angalau tungesikia makelele na kujua kwamba chaneli ina mtu. Tuliondoa dalili tukauacha ugonjwa. Tiba ilikuwa kuhamia masafa mengine, na kwa redio yenye chaneli 16 ilikuwa kazi ya kuzungusha kitufe cha chaneli.

Niongeze kwamba toni haifanyi mazungumzo kuwa siri pia. Mtu yeyote mwenye redio ya masafa hayo isiyowekewa toni anasikia kila kitu. Majina ya wagonjwa na taarifa za pesa za kiingilio visitajwe humo.

Sasa kitufe kilichobanwa. Amri yangu ya "aliyebana aachie" haikuwa na maana, na ningetafakari kidogo ningelijua hilo. Redio inayorusha haisikii. Mtu pekee niliyehitaji kumfikia ndiye pekee ambaye redio yake haikuweza kunipokea. Mama wa jikoni kwake palikuwa kimya, hivyo naye aliona mambo yako sawa.

Hitilafu hii ina kinga mbili. Ya kwanza iko ndani ya redio yenyewe: kuna mpangilio wa kikomo cha muda wa kusema, unaokata urushaji baada ya sekunde ulizochagua. Kwenye redio zetu ulikuwa umezimwa. Kuuwasha kunahitaji kompyuta na waya wa mkodishaji, kazi ambayo angeifanya kwa redio zote mchana mmoja kama ningejua kuomba. Ya pili ni makubaliano ya mapema: chaneli ikizibwa kwa dakika moja, kila mtu anahamia chaneli fulani bila kungoja kutangaziwa, kwa kuwa tangazo halitapita. Huko Kituo kinaita majina yote. Asiyeitika ndiye aliyebana kitufe, na skauti anakwenda kwake moja kwa moja badala ya kuzunguka uwanja mzima kama tulivyofanya.

Hoja yangu ya chaneli moja sikuipa uzito wake sawasawa. Niliogopa kuwachanganya watu kwa chaneli mbili, nikawachanganya zaidi kwa maneno ya soda, magari na picha yaliyopita masikioni mwao asubuhi nzima. Kufikia saa 5 baadhi yao walikuwa wameshapunguza sauti. Na kitufe kimoja cha jikoni hakikupaswa kuwa na uwezo wa kumnyamazisha mtu anayeita huduma ya kwanza. Gharama ya kugawa ipo: redio zetu zilisikiliza chaneli moja tu kwa wakati, kwa hiyo Kituo lazima kiwe na redio mbili na mtu wa pili. Ni gharama halali.

Kuhusu majaribio ya asubuhi, sisemi yalikuwa bure, lakini uwanja mtupu ulinidanganya. Miili ya watu hunyonya mawimbi ya masafa haya, na bati la mabasi huyakinga. Urefu wa wimbi la 446 MHz, kwa mfano, ni kama sentimita 67, ukubwa usio mbali na wa mwili wa mtu, kwa hiyo hata mwili wa aliyevaa redio kiunoni huyazuia mawimbi anapogeuka. Redio iliyobanwa kifuani, antena ikielekea juu, inasikika mbali kuliko ileile ikiwa kiunoni au mfukoni. Mkwaruzo wa Huduma saa 1 asubuhi ulikuwa onyo. Hema lile lilikuwa nyuma ya ghorofa mbili za zege, na hata chaneli ingekuwa wazi saa 5:23, sina uhakika wito ungefika. Tuliliweka huko ili lisiharibu mandhari ya jukwaa.

Na yule kijana. Kamati ilitaka kumpa onyo kwa kuacha kituo. Alifuata maelekezo yangu hadi alipoona hayamfai bibi, kisha akakimbia. Kosa lilikuwa kwenye maelekezo: tulimwambia aite, hatukumwambia afanye nini asipojibiwa. Miito mitatu ilimla muda ambao angeutumia kukimbia.

Kilichobadilika

Miezi sita baadaye tulisimamia shughuli nyingine uwanjani hapohapo. Karatasi za leseni tuliziona kwanza. Kikomo cha kusema kiliwekwa sekunde 60. Kulikuwa na chaneli mbili za kazi na ya tatu ya kukimbilia. Kila nusu saa Kituo kiliita majina yote, na asiyeitika alifuatwa na mtu. Hema la huduma ya kwanza lilihamia ubavuni mwa safu za wazazi, mahali linapoonekana, na mahema ya wazazi yakageuzwa kwa kufuata jua la saa 5, si la saa 2. Redio za akiba zilikuwa mbili, na chaja zilichomekwa mapema mchana wa siku iliyotangulia.

Mazoezi yalichukua dakika 20. Wote walishika redio, wakangoja sekunde moja, wakasema, wakarudiwa. Kisha nilimwomba yule mama wa jikoni abane kitufe kwa makusudi, wenzake wasikilize jinsi chaneli inavyozibika na yeye ahisi jinsi kwake kunavyobaki kimya. Aliachia, akaitazama redio kwa muda. "Kumbe mlikuwa mnaniita," akasema.

Yule kijana alirudi pia, safari hii akiwa msimamizi wa Safu za Wazazi na wasaidizi watatu. Hakuomba redio ya ziada. Aliomba filimbi nne, akawaeleza wenzake kwamba mwito mmoja usipojibiwa, filimbi tatu ndefu zinamaanisha kuna mgonjwa hapa, na akawapeleka wahudumu wa hema kuzisikiliza kabla wageni hawajaanza kuingia.